Wakili wa Jina: Historia Fupi ya Viwakilishi katika Kiingereza

Liko kosa moja ambalo kila mwalimu aliyepata kufundisha Kiingereza katika Afrika ya Mashariki analijua. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake kusoma insha juu ya mama yake. Huanza vizuri, humtaja mama kwa jina, husifu upole wake na kazi ya mikono yake; lakini afikapo sentensi ya tatu au ya nne, mama amekwisha kugeuka kuwa "he". Darasa hucheka, mwalimu hupiga mstari mwekundu, na mwanafunzi huketi kwa haya. Wala hakukosa kwa uvivu. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi zilizo jamaa yake, irabu moja tu hutosha kumtaja mama na baba, bibi na babu, malkia na mfalme: alikuja, alisema, alikwenda. Lugha yake haikumdai hata siku moja, kabla ya kusema kwamba mtu amefika, aulize kwanza kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke.

Kanuni anayofundishwa mwanafunzi huyu ni ya kweli, naye hana budi kuishika. Lakini aghalabu hufundishwa kwa namna inayomfanya adhani kuwa kanuni za viwakilishi ziliumbwa pamoja na lugha yenyewe, hazina mwanzo wala sababu. Sivyo. Vijineno hivi vidogo vimegombaniwa nyumbani, kanisani, shuleni na mahakamani. Watu wamepigwa kwa ajili yake, na watu wamenyimwa haki kwa ajili yake.

Neno letu "kiwakilishi" linatusaidia kuielewa habari hii, kwa kuwa limezaliwa na neno "wakili". Wakili husimama mahali pa mtu asiyekuwapo na kusema kwa niaba yake. Basi wakili yeyote anapofika barazani, yapasa kuulizwa maswali mawili. La kwanza: je, amevaa kama desturi ya baraza inavyotaka? La pili: je, anamwakilisha kweli yule aliyemtuma, au anamsaliti? Wanasarufi wameshughulika sana na swali la kwanza. Historia inatufundisha kwamba la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Tuanze zamani. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajaishinda Uingereza mwaka 1066, mwanamume aliitwa "he", mwanamke "heo", na watu wengi "hie". Msomaji aona jinsi maneno haya yalivyofanana. Kadiri matamshi yalivyobadilika ndivyo yalivyozidi kukaribiana, hata katika baadhi ya majimbo ikawa shida kutambua kwa sikio kama aliyetajwa ni mume, mke au kundi. Wakili mmoja alikuwa akisimama kwa ajili ya watu watatu, na baraza halikujua amesema kwa niaba ya nani.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa, yaani kwa adui. Mwaka 865 jeshi kubwa la watu wa Skandinavia lilitua Uingereza, na baada ya vita vya miaka mingi wengi wao walilowea upande wa kaskazini na mashariki, wakalima, wakaoa, wakawa majirani. Lugha yao ilikuwa ya ukoo mmoja na Kiingereza. Kwao Waingereza walipata "they", "their" na "them". Jambo hili ni la ajabu kuliko linavyoonekana. Lugha huazima majina ya vitu kwa urahisi: Kiswahili kimechukua kitabu kwa Waarabu, meza kwa Wareno na baisikeli kwa Waingereza. Lakini nani amesikia kwamba Kiswahili kiliazima "mimi" au "wao"? Maneno hayo hukaa ndani kabisa ya nyumba ya lugha, na mgeni hafiki huko ila amekwisha kuwa jamaa.

Tena hayakuingia yote kwa siku moja. Mtawa Orm, aliyeandika mashariki ya Uingereza yapata mwaka 1200, alikuwa amekwisha kutumia neno hilo la Kiskandinavia. Miaka mia mbili baadaye, mshairi Chaucer wa London, aliyekufa mwaka 1400, aliandika "they" kwa watenda, lakini kwa watendwa alibaki na "hem" ya wazee wake. Nalo neno "she" laonekana kwa mara ya kwanza katika tarehe iliyoandikwa na watawa wa Peterborough, katika habari za mwaka 1140, likiwa na tahajia iliyo tofauti na ya leo. Na wataalamu hawajakubaliana mpaka sasa juu ya asili yake. Basi neno lile lile ambalo mwanafunzi wetu hulisahau, akaandikiwa mstari mwekundu, lilikuwa zamani neno geni ambalo Waingereza wenyewe walijifunza polepole.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya heshima. Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "ye" kwa wengi, kama Kiswahili kilivyo na wewe na ninyi. Tangu karne ya 13, kwa kufuata desturi ya Kifaransa, watu walianza kumwambia mtu mmoja mkubwa neno la wengi. Mtumwa alimwambia bwana wake "you", bwana akamjibu kwa "thou". Mzazi alimwambia mtoto "thou", mtoto hakuthubutu kurudisha neno hilo. Likawa neno la mapenzi kwa wapenzi, la ibada kwa Mungu, na la dharau kwa mtu usiyemheshimu. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini mjini Winchester, Edward Coke, mwanasheria mkuu wa mfalme, alimrushia "thou" mbele ya mahakama, tena akamwambia waziwazi kwamba anamwita hivyo kwa kuwa ni mhaini. Raleigh hakuwa ameguswa mwili, lakini kila aliyesikia alijua kwamba ametukanwa.

Katikati ya karne hiyo kilitokea kikundi kilichoikataa desturi hiyo mzima mzima. Hao ni Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, na ambao Kenya ya magharibi inawafahamu sana tangu walipofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902. George Fox, kiongozi wao, alifundisha kwamba mtu mmoja ni mmoja, awe mfalme au mwombaji; kumwita "you" ni kumwambia uwongo na kumvika kiburi. Mwaka 1660 yeye na wenzake wawili, John Stubbs na Benjamin Furly, walitoa kitabu kikubwa kilichokusanya mifano ya lugha nyingi ili kuwaonyesha wasomi kwamba umoja ni umoja na wingi ni wingi. Naye William Penn, katika kitabu alichokitoa mwaka 1669 akiwa kifungoni katika Ngome ya London, aliitetea "thou" pamoja na mafundisho mengine ya ndugu zake.

Haikuwa hoja ya vitabuni tu. Kijana Thomas Ellwood, ambaye baadaye alikuwa msomaji wa mshairi kipofu John Milton, alijiunga na Marafiki akiwa bado katika nyumba ya baba yake, hakimu wa Oxfordshire. Katika habari za maisha yake, zilizochapwa mwaka 1714, alieleza jinsi baba yake alivyompiga ngumi kila mara alipomwambia "thou". Tusimhukumu mzee huyo kwa haraka. Hata kwetu mtoto hamwelekei mzazi wake akamwambia "Wewe!", atasema "Baba" au "Mama", naye akithubutu vinginevyo atajua alilolitafuta. Mzee Ellwood alisikia tusi; mwanawe alikusudia ukweli. Wote wawili walikuwa wakisema lugha moja, na neno moja likawa upanga kati yao.

Mwisho wa habari hii una funzo. Marafiki walitaka watu wote washushwe hadi "thou", ili wawe sawa. Umma wa Waingereza ulifanya kinyume: kila mtu aliogopa kumkosea mwenziwe, hivyo "you" ikaenea kutoka kwa bwana hadi kwa mchuuzi, na kutoka kwa mchuuzi hadi kwa mwombaji, hata "thou" ikabaki katika sala, mashairi na lahaja za mashambani. Usawa ulipatikana, lakini kwa kupandishwa wote, si kwa kushushwa wote. Gharama yake ni kwamba Kiingereza fasaha hakina tena neno la kumtenga mmoja na wengi. Mwanafunzi asemaye kwamba "you" ni kwa mtu mmoja na kwa watu wengi pia, tena kwamba huchukua kitenzi cha wingi hata mtu awapo mmoja, anaikariri historia hiyo bila kuijua.

Katika karne ya 18 uwanja uliingiwa na wanasarufi. Vitabu vilienea, wafanyabiashara wakatajirika, na kila mzazi aliyepata mali alitaka mwanawe aseme kama waungwana. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa sarufi fupi iliyosifika sana. Yeye alikataza kumwambia mtu mmoja "you was", ingawa watu wengi wenye elimu walisema hivyo wakati ule. Wanasarufi wa zama zake walikuwa wamelelewa katika Kilatini, nao walikipima Kiingereza kwa kipimo cha lugha hiyo. Kwa hiyo walifundisha kwamba anayejibu mlango aseme "It is I", si "It is me", japokuwa walio wengi walisema la pili, na bado wanalisema.

Matokeo mengine ya ukali huo ni hofu. Mtoto aliyekaripiwa kila alipotumia "me" hukua akiliogopa neno hilo, akasema "between you and I" akidhani anajipamba. Haki ni kusema kwamba kosa hili lilikuwako kabla ya walimu hao: Shakespeare alilitia katika barua ya Antonio, katika mchezo ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1969 ukaitwa Mabepari wa Venisi. Lakini katika Kiingereza cha kuandikwa leo linahesabiwa kuwa kosa, na njia ya kuliepuka ni rahisi. Kiwakilishi kikifuata neno kama "between", "for" au "with", huwa ni cha mtendwa. Penye majina mawili, mwondoe mwenzako kwa dakika moja usikilize. Hakuna asemaye "for I". Basi asiseme mtu "for my brother and I". Na atendaye atatajwa kwa umbo la mtenda: asiyesema "me went" asiseme "me and my brother went" katika karatasi ya mtihani.

Kanuni nyingine ya karne hiyo ilileta mambo mazito zaidi. Mtu asiyejulikana ni mume au mke atawakilishwa na nani? Waingereza walikuwa na jibu la zamani: "they". Neno hilo limetumiwa kwa mtu mmoja asiyetambulikana tangu karne ya 14, na Shakespeare na Jane Austen hawakulionea haya. Lakini wanasarufi walisema kwamba mmoja hawezi kuwakilishwa na wengi. Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, alifundisha katika sarufi yake katikati ya karne ya 18 kwamba kiwakilishi cha kiume chatosha kwa wote, wanaume na wanawake. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, akatoa sarufi mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana. Ikaenea Uingereza na Marekani ikafundisha vizazi, nayo ikawataka wanafunzi waiondoe "they" ya mtu mmoja na kuweka "he". Na Murray mwenyewe alikuwa mmoja wa Marafiki! Watu wa dini yake walipata kupigwa kwa kudai kwamba mmoja aitwe mmoja. Sasa yeye, kwa hoja ile ile ya hesabu, aliwaficha wanawake ndani ya neno la wanaume.

Mwaka 1850 kanuni ya shule ikawa sheria ya nchi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha maneno ya sheria, iliyosema kwamba maneno ya kiume yatahesabiwa kuwa yanawahusu wanawake pia, ila pale inapoelezwa waziwazi kuwa sivyo. Wakili amekubali kazi: "he" atasimama kwa ajili ya wote. Ikabaki kuona kama atafanya aliyoahidi.

Mwaka 1867 Bunge lilikuwa likijadili sheria mpya ya kura. Mswada ulisema "man". John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa mbunge, alitaka neno hilo liondolewe liwekwe neno lenye maana ya mtu yeyote. Kura zilipigwa tarehe 20 Mei: 73 upande wake, 196 dhidi yake. Ndipo wanawake wakaikumbuka sheria ya 1850. Ikiwa neno la kiume linatuhusu sote, walisema, basi nasi tuna kura. Mjini Manchester maelfu yao walidai kuandikishwa. Shauri lilifika mahakamani mwezi wa Novemba 1868, na mmoja wa mawakili wao alikuwa Richard Pankhurst, ambaye mkewe Emmeline alikuja kusifika baadaye katika vita vya kura. Mahakimu waliamua kwamba katika jambo hili neno la kiume maana yake ni wanaume tu.

Msomaji na apime. Mwanamke mwenye nyumba Manchester alilipa kodi chini ya sheria zilizosema "he". Kama angeiba, angefungwa kwa sheria iliyosema "he". Neno lile lile lilipoleta mzigo lilimkumbuka, lilipoleta haki likamsahau. Mwaka 1873, ng'ambo ya bahari, Mmarekani Susan B. Anthony, aliyeshtakiwa kwa kupiga kura, aliitumia hoja hii alipohutubia watu kabla ya hukumu: kama "he" wa sheria hawahusu wanawake, basi wasitozwe kodi wala wasiadhibiwe. Alitozwa faini ya dola 100, asiilipe kamwe.

Kwa Wakanada jambo hilo lilikwisha baadaye zaidi. Katiba yao ya mwaka 1867 ilisema kwamba watu wenye sifa wataitwa katika baraza la Seneti, kisha ikazitaja sifa hizo kwa kiwakilishi "he". Wanawake watano wa Alberta wakauliza kama mwanamke ni mtu kwa maana hiyo. Mahakama Kuu ya Kanada ilijibu mwaka 1928 kwamba siye; Baraza la rufani la London likaitengua hukumu hiyo tarehe 18 Oktoba 1929. Wakati huo wanawake wa Uingereza walikuwa wamekwisha kupata kura, kwanza mwaka 1918 kwa waliofika miaka 30, kisha mwaka 1928 kwa masharti yale yale ya wanaume.

Hapa ndipo maswali yetu mawili yanapokutana. Mbele ya wanasarufi, "he" alikuwa wakili aliyevaa vizuri. Mbele ya wanawake wa Manchester alikuwa wakili aliyepokea ujira bila kutetea. Haishangazi basi kwamba uamuzi umebadilika. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba miswada yake mipya itaacha kutumia maneno ya kiume peke yake kwa watu wote. Mwaka 2019 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi hufuatwa na vyuo vikuu vingi, kiliikubali "they" ya mtu mmoja. "They" iliyofukuzwa shuleni imerudi, na wanaoiita uzushi wa vijana wa leo hawajui kwamba ina umri wa zaidi ya miaka mia sita.

Mwanafunzi atauliza: ikiwa kanuni zimegeuka hivi, kwa nini nichoke kujifunza? Jawabu ni kwamba kanuni kugeuka si kanuni kukosekana. Sarafu hubadilika kutoka utawala hadi utawala, lakini aendaye sokoni huchukua ile inayopokelewa leo. Amwandikie mama yake "she", aangalie mtenda na mtendwa, na kila kiwakilishi kiwe na jina moja dhahiri ambalo msomaji anaweza kulinyoshea kidole. Lakini asikariri kama kasuku. Kila atumiapo neno kusimama mahali pa mtu, ajiulize kama mtu huyo, akisikia, atajitambua.

Na yule aliyechekwa darasani asiketi kwa haya. Lugha yake ilimfundisha tangu utotoni jambo ambalo mahakama za watu wenye elimu zilichelewa kulijua: kwamba mtu akija, hutosha kusema amekuja. Afute "he", aandike "she", kisha aendelee kusoma insha juu ya mama yake.